Mji Mkongwe wa Unguja kwa miguu: nusu siku kutoka Darajani hadi Malindi

Mgeni kutoka Ulaya akisoma kibao kilichoandikwa Darajani, Mkunazini, Forodhani au Mizingani, anaona majina tu. Wewe unayesema Kiswahili unaona daraja, mti wa mkunazi, forodha na mizinga, na hapo hapo unajiuliza: daraja lenyewe liko wapi? Matembezi haya yanaendeshwa na maswali ya namna hiyo. Nimekuwa nikiwapitisha njia hii ndugu na marafiki wanaovuka kutoka bara kwa siku moja, na nimeona kwamba anayeyasikiliza majina ya mitaa huondoka na mengi kuliko anayehesabu majengo.

Njia yenyewe ni kama kilomita tatu. Inaanzia sokoni na kuishia bandarini, kinyume cha watu wengi wanaoanzia Forodhani kwa sababu ndipo boti na hoteli zilipo. Nina sababu mbili. Soko huchangamka asubuhi na kupoa mchana. Pili, mji huu ulikuwa makao makuu ya dola: Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamisha makao yake kutoka Muscat kuja hapa, na kufikia 1840 alikuwa ameshatulia. Nakushauri ufike kwanza pale walipouzwa watu, ndipo uende kwenye majumba ya waliotajirika. Ukianzia kwenye majumba, Mkunazini panageuka kituo cha mwisho cha watu waliochoka na wenye njaa.

Tenga saa tano, tuseme saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Anayefika kwa boti ya kwanza kutoka Dar es Salaam, ambayo hukaa baharini kama saa mbili, asogeze kila kitu mbele kidogo.

Kabla ya kutoka

Chagua Jumatatu hadi Alhamisi, au Jumamosi. Ijumaa maduka mengi hufungwa adhuhuri watu waende kuswali, na Jumapili asubuhi kanisani Mkunazini kuna ibada. Mwezi wa Ramadhani unaweza kutembea vizuri tu, ila usile wala kunywa maji hadharani mchana, hata kama hufungi. Masika, kati ya Machi na Mei, maji hukusanyika vichochoroni, kwa hiyo vaa viatu visivyoteleza. Mabega na magoti yafunikwe. Mwanamke akitia kanga moja mkobani ataihitaji zaidi ya mara moja, na mwanamume mwenye kaptula fupi ataangaliwa bila kuambiwa neno, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kuambiwa.

Beba kitambulisho. Penye kiingilio mara nyingi kuna bei ya mwananchi na bei ya mgeni, na tofauti si ndogo. Beba pia noti ndogo ndogo.

Bandarini utakutana na mapapasi. Ndivyo Wazanzibari wanavyowaita vijana wanaowaganda wageni, kwa jina la yule mdudu wa jamii ya kupe. Wengi hawana ubaya, lakini maelezo yao huishia dukani kwa mtu. Nilipokuja mara ya kwanza, mmoja alinizungusha saa nzima kumbe tulikuwa tunazunguka mtaa uleule. Ukitaka mwongozaji, tafuta mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, patana naye bei ya kundi zima kabla hamjaondoka, na mwambie mapema kwamba hamtaki kupelekwa madukani. Halafu msisitize azungumze Kiswahili. Wamezoea kuhadithia kwa Kiingereza na Kiitaliano, na wakirudi kwenye lugha yao utasikia habari ambazo hazimo kwenye ule mdundo waliokariri.

Ramani ya simu itakusaidia nusu. Kuta ni ndefu, vichochoro ni vyembamba, na kile kidoti chako kitarukaruka. Usihangaike. Mji umekaa kwenye rasi ndogo: ukishika njia moja ukaendelea nayo, utatokea baharini au kwenye barabara kubwa ya Benjamin Mkapa.

Darajani

Simama kando ya barabara kubwa, soko likiwa nyuma yako. Lile daraja ulilokuwa unaliuliza lilikuwa hapa. Palipo lami na magari palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na sehemu nyingine ya kisiwa. Katika karne ya 20 ukafukiwa wote, daraja likakosa kazi, likabaki jina. Wazee wengine bado huiita barabara hii Creek Road.

Sasa tazama ng'ambo ya barabara. Nimelitumia neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa mtaa wa upande ule unaitwa Ng'ambo hasa. Kwetu sisi leo mtu aliyekwenda ng'ambo yuko London au Toronto. Hapa ng'ambo ilikuwa mwendo wa hatua hamsini. Upande huu waliishi matajiri kwenye majumba ya mawe. Upande ule waliishi mafundi, wavuvi, watumwa walioachwa huru na watu wa bara, kwenye nyumba za udongo na makuti. Yale maghorofa marefu ya Michenzani unayoyaona kwa mbali yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na ukijua mpaka huu wa zamani utaelewa kwa nini yalijengwa upande ule.

Ingia sokoni. Jengo la zamani ni la 1904. Pitia kwanza kwenye samaki, ambako mnada huwa asubuhi na mnadi husema kwa kasi ya kukuacha njiani hata kama Kiswahili ndiyo lugha ya mama yako. Viungo vya huku kwa kawaida ni nafuu kuliko vya maduka ya watalii ya mtaa wa Gizenga, kwa hiyo ukitaka mdalasini au iliki nunua sasa, kiasi kidogo, maana utaubeba mzigo huo mpaka mchana. Nusu saa inatosha.

Mkunazini

Kutoka sokoni shika kusini, barabara kubwa ikiwa kushoto kwako, na baada ya dakika tano hivi uulizie Kanisa la Mkunazini. Hapa usiwe na haraka. Tenga saa nzima.

Uwanja huu ulikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash, akishinikizwa na Waingereza waliotishia kukizingira kisiwa kwa manowari, alisaini mkataba wa kulifunga. Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa papo hapo. Ndani, mbele ya altare, kuna duara la marumaru sakafuni linaloonyesha mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watu viboko. Watu huingia wakitazama juu, kwenye dari iliyojengwa kwa zege la matumbawe. Wewe anza kwa kutazama chini.

Kisha tafuta msalaba mdogo wa mbao. Ulitengenezwa kwa mti wa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako ulizikwa moyo wa David Livingstone. Alifariki Mei 1, 1873, wiki tano tu kabla ya mkataba ule. Mwili wake ulibebwa na Waafrika aliosafiri nao, wakiwemo Susi na Chuma, kwa miguu hadi Bagamoyo, ukavushwa kuja hapa na kusafirishwa kwenda London. Miti ya kumkumbuka mmisionari ni mingi Afrika. Mimi huu nikiutazama nawafikiria waliombeba.

Karibu na mlango zipo nguzo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kuwa askofu alikuwa safarini, na aliporudi akaamua ziachwe vivyo hivyo. Askofu mwenyewe, Edward Steere, amezikwa nyuma ya altare, na anakuhusu wewe msomaji. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, akakusanya hadithi za watu wa hapa na kufasiri Agano Jipya. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua lahaja ya kujengea Kiswahili sanifu, Kiunguja ndicho kilichochukuliwa. Kiswahili ulichofanyia mtihani shuleni kilisemwa kwanza na watu wa vichochoro hivi.

Nje kuna sanamu za 1998 za msanii wa Uswidi Clara Sörnäs: watu watano shimoni, minyororo shingoni, na minyororo yenyewe ni ya kweli, ya enzi zile. Hakuna anayekukataza kupiga picha, ila usijipige wewe ukiwa mbele yao unatabasamu.

Pembeni utateremshwa kwenye vyumba viwili vya chini vyenye dari fupi, uambiwe watumwa walifungiwa humo wakisubiri kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaobisha: jengo la juu ni la misheni, la baada ya soko kufungwa. Shuka uone, lakini muda wako mwingi uutumie kwenye maonyesho ya historia ya utumwa yaliyo hapohapo, na uondoke na jambo hili kichwani: 1873 lilifungwa soko. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali visiwani hadi 1897. Miaka hiyo 24 tutaikuta tena mbele.

Vichochoroni: jinsi ya kuusoma mlango

Kutoka kanisani ingia ndani ya mji, upande wa magharibi, ukiulizia Hamamni. Sasa jua halikufikii tena. Ukisikia kengele ya baiskeli au honi ya pikipiki, bana ukutani.

Milango ndiyo itakayokushika njiani. Tazama kwanza juu. Mlango wenye kizingiti kilichonyooka hufuata mtindo wa Kiarabu, ambao ndio wa zamani zaidi. Wenye upinde umeathiriwa na Wahindi, na ulishamiri mwishoni mwa karne ya 19. Misumari mikubwa ya shaba ni pambo lililokuja kutoka India. Ubao wa katikati, panapokutana mbao mbili za mlango, unaitwa mfaa, na fundi alikuwa akiuchonga kwa bidii kuliko sehemu nyingine. Kwenye fremu utaona mnyororo, unaofasiriwa kuwa ulinzi wa nyumba. Samaki, kuwa ni riziki. Na mtende, kuwa ni neema. Mlango ukiwa wazi, usichungulie. Ile baraza ya mawe nje ya nyumba ilijengwa ili mgeni apokelewe bila kuona ndani, na heshima hiyo ipo hadi leo.

Hamamni ni jina la hammamu, nyumba ya kuogea ya mtindo wa Kiajemi aliyoijenga Sultan Barghash kwa ajili ya watu wa mji. Maji hayamo tangu miaka ya 1920. Kuna vyumba, mabirika makavu na ubaridi mzuri. Dakika kumi na tano zinatosha. Jirani yake upo mtaa wa Kajificheni, na hakuna aliyeniambia kwa uhakika nani alijificha. Mchambawima utaufasiri mwenyewe, usinitie mimi maneno mdomoni.

Soko Mohogo: kahawa

Ikifika kama saa 5, kaa kitako. Kwenye makutano ya vichochoro pale Soko Mohogo pana baraza maarufu inayoitwa Jaws Corner: mabenchi ya saruji, mabuli ya kahawa, bao, bendera za vyama, na simu ya mezani iliyotundikwa ikitangaza kupiga nchi za nje bure. Usijaribu, haina waya.

Namna ya kuingia barazani ni muhimu kuliko kahawa. Usifike ukatoa simu upige picha. Toa salamu kwa wote, "Asalaam aleikum," au "Shikamooni wazee" kama wewe ni kijana, kisha subiri. Utaambiwa, "Karibu, kaa kitako." Agiza kahawa chungu na kashata. Ukitaka habari za mji usiulize za siasa, zitakuja zenyewe. Uliza jina: "Samahani mzee, kwa nini pale panaitwa Soko Mohogo na sioni mohogo?" Mmoja atajibu, wa pili atambishia, wa tatu atasema wote wawili hawajui kitu kwa kuwa babu yake alikuwa na duka hapo. Mimi husogeza ratiba nzima ili nipate dakika arobaini za hapa.

Minara Miwili na Shangani

Ukiondoka barazani elekea kaskazini magharibi. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1890 kwa kufuata mtindo wa kanisa kuu la Marseille, na wenyeji hawakusumbuka na jina lake refu: wanaliita Minara Miwili. Tazama, endelea.

Shangani, karibu na hoteli ya Africa House, ulizia nyumba ya Tippu Tip. Ni makazi ya watu, kwa hiyo utaona mlango na ngazi zake za marumaru tu. Hamed bin Muhammed el Murjebi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na alifariki mjini hapa 1905. Misafara yake ilifika Manyema hadi maporomoko ya mto Kongo, na ilikopita Kiswahili kilibaki. Msomaji wa Kindu au Kisangani anaweza kusimama hapa akaona njia mojawapo iliyoileta lugha yake, pamoja na gharama yake. Bwana huyu pia aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kabla watu wengi hawajafikiria kufanya hivyo.

Kwenye barabara ya Kenyatta utapita makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mpenzi wa muziki wake aingie. Wengine tunapita.

Forodhani

Sasa uko mbele ya bahari, kwenye forodha ya zamani, mahali pa kutoza ushuru. Anza na Ngome Kongwe. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mabaki ya kanisa la Wareno haohao. Leo huchezwa ngoma na kuonyeshwa filamu humo. Tamasha la Sauti za Busara hufanyikia hapa Februari.

Pembeni yake ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, alilolijenga Barghash 1883. Maajabu yenyewe yalikuwa umeme na lifti. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele ilianguka na kuua watu wawili. Ukilikuta limezungushiwa uzio, usisikitike ukaondoka: tazama jinsi kuta zilivyojengwa. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za mji huu ni vyembamba na virefu. Jiwe la matumbawe hunywa maji. Chokaa isipopakwa upya, mvua huingia na ukuta huoza polepole kwa ndani huku kwa nje ukionekana mzima. Umetembea katikati ya kuta za aina hiyo asubuhi nzima.

Geuka uitazame bahari. Agosti 25, 1896, Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Wakampa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa 3 na dakika mbili manowari zikafyatua, na kabla ya saa 4 mambo yalikuwa yamekwisha. Vinatajwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia, na waongozaji hupenda kuvisimulia kwa kicheko. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid walikuwa kama 500.

Hurumzi, kisha Mizingani

Zunguka nyuma ya Jumba la Maajabu uingie mtaa wa Hurumzi. Hapa inarudi ile miaka 24. Utumwa ulipofutwa 1897, wamiliki walilipwa fidia, na wenyeji hueleza kuwa shughuli hiyo ilifanyika mtaani hapa, ndipo jina likatoka kwenye neno "huru". Waliolipwa ni waliomiliki. Waliomilikiwa hawakupewa kitu.

Rudi pwani ushike barabara ya Mizingani. Kasri jeupe ni Beit al-Sahel, lililokaliwa na masultani hadi Januari 12, 1964, Jamshid bin Abdullah alipokimbia. Aliishi uhamishoni Uingereza miaka mingi na kufariki Oman Desemba 2024. Ndani, ukilikuta wazi, kitafute chumba cha Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyetoroka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete, na 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Pembeni ya kasri wamezikwa baadhi ya masultani.

Mbele kidogo ni Mtini, mti mkubwa uliopandwa 1911, wenye kivuli kinachotosha watu wote wa boti za kwenda kisiwa cha Changuu pamoja na mapapasi wao. Baada yake, jengo lenye vibaraza vya mbao zilizochongwa ni zahanati ya zamani ya Tharia Topan, iliyokamilika 1894. Kwangu ndilo jengo zuri kuliko yote kwenye njia hii. Itakuwa kama saa 7 na nusu. Malindi na bandari ziko hatua chache mbele.

Kula

Kama unarudi bara jioni, kula mchana huohuo. Rudi upande wa Mkunazini au Darajani uulizie wali wa nazi au biriani kwenye mkahawa uliojaa watu wa mji, na ufike kabla ya saa 8, sufuria hazijaanza kukwanguliwa. Kama unalala, pumzika, kisha nenda bustani ya Forodhani magharibi ikiingia, meza za vyakula zinapowashwa taa. Anza na urojo, shushia na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kwenye mishkaki ya samaki na kamba, uliza bei ya kila kijiti kabla hakijagusa jiko, na ukikuta pweza amepangwa tangu mchana, hamia meza ya pili.